Nusu Inchi Kila Upande: Maneno ya Katibu juu ya Reli za Droo



Twashukuru kupewa nafasi ya kusema machache siku hii ambayo Chama Kikuu chetu cha maseremala kinatimiza miaka kumi. Waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za hisa, za akiba na za jengo la ghala, nao wameeleza vizuri kuliko tuwezavyo sisi. Sisi tumeagizwa na kamati tuseme juu ya droo. Twajua wako watakaocheka. Lakini wale waliokuwapo mwaka ule wa makabati yaliyorudishwa hawatacheka, maana mwaka ule walikosa gawio.

Wazee wetu husema mtoto wa meza, vijana husema droo. Leo tutasema droo, kwa kuwa ndivyo iandikwavyo katika hati zetu za kazi.

Mtakumbuka tulivyopata kazi ya makabati 18 ya ofisi, tukaigawa kwa vyama vitatu vya msingi. Mbao zilikuwa za mninga mkavu, gundi njema, randa imepita sawasawa. Makabati yalikwenda, na baada ya majuma mawili lori likayarejesha mlangoni petu. Droo nyingine zilikuwa ngumu kuvuta, nyingine zilifunguka nusu zikakwama, na tatu ziling'oka, gololi zikamwagika sakafuni mbele ya mteja. Chama kimoja kilisema ubaya ni wa mbao, cha pili kilisema ni wa reli, cha tatu kilisema wenzao hawajui kazi. Maneno yalikuwa makali hata chama kimoja kikataka kujitoa. Hatuna budi kukiri leo, mbele ya wageni, kwamba hatia kubwa ilikuwa ya ofisi yetu, kwani ndiyo iliyoandika vipimo.

Reli za chuma zenye gololi, zile zifungwazo ubavuni mwa droo, kwa kawaida hutaka nafasi ya nusu inchi kila upande, yaani milimita 12.7. Katika hati tuliandika 12, tukaona kile kipande kilichobaki si kitu. Nafasi ya ndani ya kabati ilikuwa milimita 450. Ukitoa nusu inchi mbili, upana wa nje wa droo hauwezi kuzidi 424.6, sisi tuliagiza 426. Ile milimita moja na kidogo iliyozidi ndiyo iliyobana reli pande zote mbili, watu wakavuta kwa nguvu, gololi zikatoka mahali pake.

Tangu siku ile twakata 424. Droo iliyopungua kidogo hutibika: karatasi ngumu au ubao mwembamba nyuma ya reli hutosha. Iliyozidi haina dawa ila kuibomoa au kuipiga randa mbavu, na ubavu uliopigwa randa baada ya kuunganishwa ni nadra kubaki sawa. Kwa hiyo reli inunuliwe kwanza, ipimwe, ndipo msumeno ushikwe. Reli zifungwazo chini ya droo zina vipimo vingine kabisa, na karatasi ya kiwanda haina budi kusomwa.

Kosa la pili lilikuwa la mafundi, nao wamekubali. Walipima mdomo wa kabati tu, kumbe nyuma limejibana. Lipimwe mbele, katikati na nyuma. Droo nayo ipimwe kutoka pembe hadi pembe, mara mbili. Vipimo vikitofautiana, imekwenda mshazari, na hakuna reli iwezayo kuinyosha.

Wengine walilaumu masika. Ni kweli ubao huvimba wakati wa unyevu, lakini huvimba kwa upana wake. Kwa urefu wake hauongezeki ila kwa kiasi kidogo mno. Upana wa droo ni urefu wa ubao wa mbele, basi mvua haikuupanua. Kinachokua ni kimo cha mbavu, nacho chataka uwazi juu yake. Ubavu wa kabati la mbao nzima, ambao nyuzi zake husimama, nao hupanuka kwenda nyuma, ilhali chuma hakifuati. Ndiyo maana reli ina tundu za duara na tundu ndefu zilizolala: ya duara ikazwe mbele, na nyuma skrubu itiwe katika tundu ndefu.

Reli za pande mbili ziegemezwe juu ya kibao kimoja, kikihamishwa upande hadi upande, wala zisipimwe kila moja peke yake. Kwenye droo, zianzwe tundu ndefu zilizosimama, droo ijaribiwe, ndipo za duara zitiwe. Vichwa vya skrubu vilale kabisa; kimoja kikichomoza, reli itakikwaruza kila siku hata iharibike.

Wako wazee wetu wasiopenda reli hizi, ambao droo zao hupita ubao juu ya ubao kwa nta ya mshumaa tu. Hatuwapingi. Droo zao nyepesi zimedumu kuliko makabati yetu 18. Lakini karani mwenye mafaili mazito, afunguaye kabati kutwa nzima, ataka chuma, naye ndiye alipaye.

Hati mpya za kazi ziko mezani kwa mtunza ghala. Zina mstari wa kuandika unene wa reli iliyopimwa kwa mkono, na mahali pa sahihi mbili: ya fundi aliyeipima, na juu yake, ya katibu.