Safari ya Osaka na Chakula cha Vibarua

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi letu)



Mmetutaka tuwaeleze habari za Osaka, mji wa Japani tulioutembelea mwezi wa Agosti. Tunajua wengi mnangojea habari za reli, lakini hizo zitakuwa na siku yake. Leo twasema juu ya chakula.

Kwanza joto. Mji huo uko kando ya bahari, na mwezi wa Agosti joto la mchana hupita digrii 33. Aliyekaa Mombasa mwezi wa Machi anajua: shati hushika mgongoni kabla ya saa tatu asubuhi, na usiku hakupoi. Kwa hiyo watu hutoka jioni, nasi tukatoka nao.

Mtaani Dotonbori, kando ya mfereji, tulimkuta kijana mbele ya chuma chenye vishimo vingi. Mwenzetu mmoja, mtu wa pwani, akapaza sauti, "Vitumbua!" Kumbe hakukosea sana. Ila unga wake ni wa ngano, hauna sukari, hukorogwa mwepesi kwa mayai na supu ya samaki, na katikati hutiwa kipande cha pweza. Huitwa takoyaki. Yasemwa Bwana Tomekichi Endo ndiye aliyeanza kuvipika hivyo mwaka 1935. Ndani ni moto kabisa. Tulikula kwa pupa, tukaungua ulimi.

Siku ya pili tulipanda gari la reli inayouzunguka mji, ambayo mzunguko wake ulikamilika mwaka 1961, tukashuka stesheni ya Shin-Imamiya. Upande wa kaskazini ni Shinsekai. Hapo huuzwa kushikatsu: vipande vya nyama au mboga vilivyochomekwa kijitini, vikapakwa unga na kukaangwa. Mkahawa mmoja mashuhuri wa hapo ulifunguliwa mwaka 1929. Kilikuwa chakula cha vibarua, cha bei ndogo na cha kushibisha upesi. Bakuli la mchuzi lilikuwa la wote, na sheria ni moja: chovya mara moja tu. Ukishauma, usichovye tena; ukitaka mchuzi zaidi, uchote kwa jani la kabichi. Tangu ugonjwa wa Korona mikahawa mingi imeweka chupa, lakini sheria bado imebandikwa ukutani. Mweka hazina wetu aliipenda mno.

Mkahawani tuliwaona wageni wenye kamera, tukauliza vibarua wenyewe wako wapi. Tukaambiwa tuvuke reli.

Upande wa kusini ni Kamagasaki. Watu wa huko, wanaotafuta kazi ya kutwa tangu alfajiri, walikuwa miongoni mwa waliojenga mahali pa maonyesho makubwa ya mwaka 1970. Mwaka huo huo walijengewa jumba la kungojea kazi. Mwaka 2019 jumba likafungwa, kwa kuwa liliogopewa kuanguka tetemeko likitokea. Baadhi yao walikataa kutoka, wakatolewa na polisi. Ofisi ya kazi ikahamishiwa chini ya daraja la reli, magari yakipita juu.

Hapo tulikutana na mzee mmoja. Tulimwuliza, kwa kinywa cha mkalimani, kama yeye hula kushikatsu. Akasema alikula sana zamani, alipokuwa akipata kazi siku tano kwa juma. Sasa hupata mbili, na hizo ni za kufagia.