Daraja Lizungukalo na Banda la Injini za Moshi



Malindi haikupata kufikiwa na reli, lakini nchi ya Kilifi inayo. Njia iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 hupanda vilima kwa shida, na hapo Mazeras hujizungusha kama nyoka mpaka ikapita juu ya mgongo wake yenyewe, kisha huelekea Mariakani na bara. Wazee wa sehemu hizo waliijua injini ya moshi kwa mlio wake kabla hawajaiona. Lakini injini hiyo iligeuzwaje ilipofika mwisho wa safari?

Injini ya moshi ya kawaida ina mbele na nyuma. Ikienda kinyumenyume, dereva haoni njia vizuri. Kwa hiyo mafundi walichimba shimo la duara, wakaweka ndani yake daraja la chuma juu ya mhimili mmoja wa katikati. Injini huingia darajani, na dereva huisogeza taratibu mpaka uzito uwe sawa pande zote mbili, kama mizani ya dukani. Ikisimama sawasawa, watu wachache waweza kuizungusha kwa mikono yao. Kulizunguka shimo hilo hujengwa banda la duara, na kila chumba kina reli yake ielekeayo darajani. Daraja moja huhudumia vyumba vyote.

Banda la namna hiyo lilijengwa Camden, mjini London, mwaka 1847. Haikupita miaka mingi injini zikawa ndefu mno, banda likafanywa ghala la pombe. Na katika miaka ya 1960 likawa nyumba ya michezo na muziki. Huko Kyoto, Japani, banda la mwaka 1914 lenye reli 20 lilifanywa makumbusho mwaka 1972, na daraja lake bado lageuza injini.

Afrika ya Mashariki nayo ilipatwa na jambo la urefu. Injini za Garratt za aina ya 59, zilizoundwa Manchester na kuletwa kuanzia mwaka 1955, zilipita tani 250 kwa uzito na futi 100 kwa urefu. Daraja la kawaida halikuzitosha. Dawa yake ni reli za pembe tatu: injini huenda mbele kwa upande mmoja, hurudi nyuma kwa upande wa pili, hutoka kwa upande wa tatu, na uso wake umekwisha kugeuka. Mojawapo ya injini hizo, Mount Gelai, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971.

Mwaka 2017 reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa, na abiria wakahamia huko. Chuma kisicho na kazi hutamaniwa na wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Injini yaweza kuvutwa hata makumbusho. Lakini shimo la kugeuzia, tangi la maji na banda havivutwi. Vikivunjwa, vimekwisha. Na ujuzi wa mtu aliyewasha moto wa injini huzikwa pamoja naye.

Basi vijana wa Mazeras na Mariakani wawaulize wazee waliofanya kazi relini, nao waandike majibu kwa tarehe na mahali. Kazi hiyo yahitaji daftari na kalamu tu. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.