Mvua ya Miezi Michache, Maji ya Mwaka Mzima



Mgeni anayefika kwetu mjini Likasi mwezi wa Septemba, nyasi zimeungua na vumbi jekundu limetanda juu ya vilima vya Shituru, hudhani ameingia nchi kame. Sivyo. Kwa mwaka tunapata takriban milimita 1,200 za mvua, ila karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Machi. Tangu Mei hadi Septemba mbingu hufunga, na bado mto Lufira hutiririka. Basi hoja yangu ni hii: kinachotunywesha wakati wa kiangazi ni ardhi iliyoishika mvua ya masika, na ardhi hiyo tunaichimba na kuikata miti bila kuihesabu kuwa ni chombo cha maji.

Tazameni mawe ya chokaa ya Kakontwe, hapa hapa jirani. Maji ya mvua yakipita udongoni hupata uchachu kidogo; yakiingia katika ufa wa jiwe huula taratibu, ufa ukawa mfereji, mfereji ukawa pango. Humo maji hukaa miezi mingi kabla ya kutokea bondeni kama chemchemi. Huko juu, kwenye uwanda wa Kundelungu unaofikia mita 1,700, kazi hiyo hufanywa na madembo, yale mabonde mapana ya nyasi yasiyo na miti. Ukikanyaga katikati ya dembo wakati wa kiangazi, udongo mweusi hubonyea na maji hujaa katika alama ya unyayo. Ni maji hayo yanayolisha vijito vya uwandani, ukiwemo mto Lofoi unaoporomoka zaidi ya mita 300.

Wapo watakaosema: tunalo bwawa la Mwadingusha tangu 1930, na ziwa Tshangalele nyuma yake. Ni kweli, na umeme wake umetufaa sana. Lakini bwawa huhifadhi kile tu kinachofika, na kinachofika ni pamoja na tope la vilima vilivyokatwa miti ya makaa, na shaba na kobalti zinazoshuka na maji machafu ya viwanda hadi kwenye matope ya ziwa ambamo samaki wetu hula. Wengine watasema tuchimbe visima virefu. Hilo ndilo linalonitia hofu zaidi. Mchanga huchuja maji. Mapango ya chokaa hayachuji. Asidi ya mgodi ikimwagika kwenye shimo la juu linalomeza maji yaweza kusafiri chini kwa chini na kutokea katika kisima cha mbali, hata kiwe kirefu namna gani.

Sisemi migodi ifungwe. Mji huu unakula kwa migodi. Nadai jambo linalowezekana: kabla ya kibali cha kuchimba kutolewa, rangi isiyo na sumu imwagwe katika mashimo yanayomeza maji ya mvua, na chemchemi na visima vyote vya jirani vichunguzwe hadi ijulikane inatokea wapi. Itakapotokea rangi hiyo, taka za mgodi zisikaribie mashimo yaliyoimeza.