Kambi Ikihama, Tutamwuzia Nani?

Ndugu zetu wa Majengo, tuwakumbuke jirani zetu wa Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walileta pale mradi mkubwa wa karanga. Mwaka 1951 ukavunjwa.

Mwaka 1964 wakaja wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC na wenzao. Kambi ikawa mteja. Nchi zao zilipopata uhuru, wakarudi kwao. Tulifurahi, maana ndilo tulilowasaidia walipate.

Lakini tujiulize, jamani: anayeuza maziwa kambini tu, kambi ikihama atamwuzia nani?

Leo Kongwa kuna ranchi ya ng'ombe, na Kibaigwa kuna soko la mahindi. Wanunuzi ni wengi.

Nasi tuuze kambini, sawa. Ila tulime pia alizeti na zabibu, tufuge kuku, tuuze kwa ushirika. Mgeni huondoka, shamba hubaki.