Vita vya Baharini na Mfuko wa Mbolea

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Namwomba mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno matatu: shehena, nauli, bima. Shehena ni mzigo uliomo melini. Nauli ya mzigo ni malipo ya kuusafirisha. Bima ni fedha anayolipa mwenye mali mapema ili mali yake ikipotea apewe fidia. Maneno haya tutayatumia leo.

Mama mmoja wa darasa la Ilomba aliniuliza hivi: "Mwalimu, mimi nalima mahindi. Bahari sijapata kuiona. Vita vya watu wa mbali vinaingiaje katika mfuko wangu wa mbolea?" Nilimjibu, "Mama, hilo ni swali la watu wengi. Nitalijibu redioni." Leo natimiza ahadi hiyo.

Kwanza tuifuate njia. Sehemu kubwa ya mbolea yetu hutoka nchi za nje. Huja kwa meli hadi bandari ya Dar es Salaam, kisha hupandishwa Mbeya kwa malori au kwa reli ya TAZARA. Malori mnayoyaona Ilomba katika barabara kuu yanamaliza safari iliyoanzia baharini.

Meli inayotoka Ulaya kuja kwetu ina njia mbili. Njia fupi hupita Mfereji wa Suez na Bahari ya Sham, ambayo wengi huiita Bahari Nyekundu, kisha hutokea katika mlango mwembamba uitwao Bab el-Mandeb. Njia ndefu huzunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema, kule kusini. Vita vikitokea karibu na njia fupi, nahodha hulazimika kuchagua: apite kwenye hatari, au azunguke.

Jambo hili si geni. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg ilitoka Dar es Salaam, na tarehe 6 Agosti ikaiteka karibu na Omani meli ya biashara ya Waingereza, City of Winchester, iliyobeba chai. Mwaka uliofuata Waingereza nao waliifunga pwani yetu kwa manowari zao. Bidhaa za ng'ambo zikaadimika, na Wajerumani wakalazimika kutengeneza dawa ya kwinini huko Amani, Usambara.

Katika Vita Kuu ya Pili, mwezi Juni na Julai 1942, nyambizi za Wajapani zilizamisha meli za biashara zaidi ya 20 katika mlango wa bahari wa Msumbiji. Lakini vita hivyo hivyo viliwafungulia wengine soko. Kabla yake Japani ilikuwa ikiuza pareto nyingi duniani. Ilipoingia vitani, wanunuzi wake wa zamani waliitafuta pareto katika nyanda za juu za Kenya na Tanganyika.

Halafu vilikuja vita vya Juni 1967 kati ya Israeli na Waarabu. Mfereji wa Suez ulifungwa miaka 8, hadi Juni 1975. Meli 15 za biashara zilinaswa humo ndani.

Sasa tuje karibu. Kuanzia Novemba 2023 wapiganaji wa Houthi wa Yemeni walishambulia meli za biashara katika Bahari ya Sham. Tarehe 18 Februari 2024 waliipiga kwa kombora meli iitwayo Rubymar. Mabaharia wake waliokolewa, lakini meli ilizama mwanzoni mwa Machi. Ilikuwa na shehena ya mbolea tani 21,000 hivi. Tani moja ni mifuko 20 ya kilo 50. Andikeni: 21,000 mara 20. Jibu ni mifuko 420,000. Mbolea hiyo ilikuwa ikienda Bulgaria, si kwetu. Lakini aliyekosa mbolea huko aliingia sokoni kuitafuta nyingine, na soko la dunia ni moja.

Tarehe 6 Machi 2024 meli nyingine, True Confidence, ilipigwa, na mabaharia watatu wakafa: wawili wa Ufilipino na mmoja wa Vietnam. Hawakuwa askari. Walikuwa kazini kutafuta riziki kama mimi na wewe. Tunapolalamikia bei, tuwakumbuke.

Sasa tuone vita vinavyoongeza bei. Kwanza ni njia. Meli za kutoka Asia kwenda Ulaya zilizozunguka Afrika ziliongeza siku 10 hadi 14, na kila siku meli huunguza mafuta na mabaharia hulipwa. Hivyo nauli hupanda.

Pili ni bima. Kabla ya mashambulizi hayo, bima ya hatari ya vita kwa safari moja haikufika shilingi 1 kwa kila shilingi 1,000 za thamani ya meli. Mwanzoni mwa 2024 ilifika 7, na mara nyingine 10. Tufanye hesabu ya mfano. Meli ina thamani ya shilingi bilioni 50, nayo imebeba mifuko 500,000. Bima ikiwa 1 kwa 1,000, ni shilingi milioni 50, yaani shilingi 100 kwa kila mfuko. Ikiwa 7, ni milioni 350, yaani shilingi 700 kwa kila mfuko. Nani atazilipa? Mwenye meli humdai mwenye shehena, naye humdai mwenye duka. Mwenye duka anakudai wewe.

Tatu ni muda, na hili kwa mkulima ndilo zito kuliko yote. Mbolea ya kupandia ikifika mahindi yakiwa magotini, hata ikiwa rahisi haikufai tena. Bei unaweza kubishana nayo, mvua haikungoji.

Tulionja haya mwaka 2022. Bei ya mbolea ilikuwa imekwisha kupanda tangu 2021, na vita vya Urusi na Ukraine vilivyoanza Februari 2022 vikaizidisha. Ndipo tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane, mpango wa ruzuku ulizinduliwa hapa hapa Mbeya, na mfuko wa DAP ukashushwa hadi shilingi 70,000.

Basi mama yangu wa Ilomba, vita hatuwezi kuvizuia, lakini tunaweza kujiandaa. Mkisikia redioni kwamba njia ya meli imeharibika, msiseme ni mambo ya watu wa mbali. Hesabuni siku zilizobaki hadi mvua. Wekeni fedha ya mbolea kando mara tu mnapouza mavuno, nunueni mapema kwa kikundi, na hifadhini mifuko pakavu, juu ya mbao. Tumieni na samadi, kwa kuwa haitegemei meli.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Shehena, nauli na bima ni nini? Tungeni sentensi moja kwa kila neno.
2. Bima ikifika 10 kwa 1,000, kila mfuko katika mfano wetu utaongezewa shilingi ngapi?
3. Ni vitu gani nyumbani kwako vilivyopita baharini?

Kwaherini, hadi somo lijalo.