Mjane si Amana ya Ukoo: Ndoa ya Pili Nje ya Mila za Marehemu



Tarehe 18 Julai 1998, siku aliyotimiza miaka 80, Nelson Mandela alifunga ndoa na Graça Machel mjini Johannesburg. Bibi harusi alikuwa mjane. Mumewe, Rais Samora Machel wa Msumbiji, alifariki tarehe 19 Oktoba 1986 ndege yake ilipoanguka Mbuzini, upande wa Afrika Kusini, akirudi nyumbani kutoka Zambia. Hadhira ya Kitanzania haihitaji kuelezwa Samora alikuwa nani. Alikaa kwetu, Nachingwea, kabla nchi yake haijamjua kama rais. Ninachotaka tukitazame ni ile ndoa ya pili. Ilivuka mpaka wa nchi, wa lugha na wa mila: mama wa kutoka jimbo la Gaza, aliyesomeshwa kwa Kireno, kwa mzee wa Kithembu aliyelelewa katika desturi za Kixhosa na kusoma kwa Kiingereza. Hata hivyo, katika kelele zote zilizoizunguka, tofauti hiyo haikuwa hoja. Askofu Desmond Tutu alilalamika hadharani kabla ya harusi, lakini alilalamikia wawili hao kukaa pamoja bila ndoa. Kwamba mwanamke ni Mmsumbiji na mjane wa shujaa wa watu wengine halikumsumbua. Lakini mjane wa fundi seremala wa Morogoro au wa mvuvi wa Kilwa akileta habari kwamba amepata mchumba wa kabila jingine, tena wa mbali, kikao cha ukoo huitishwa kabla chai haijapoa. Nadai kwamba pingamizi tunalolitolea jina la utamaduni, au heshima ya marehemu, mara nyingi linatokana na dai la umiliki: ukoo unamhesabu mjane kama amana iliyoachwa na mwanao, na mgeni anapotokea, dai hilo lililokuwa kimya linalazimika kusema.

Hoja inayosikika kwanza msibani ni ya muda. Husemwa kwamba udongo wa kaburi haujakauka, kwamba anayependa tena upesi hakupenda mara ya kwanza. Hoja hii ina uzito wa hisia, na hakuna anayepaswa kuicheka. Lakini mila zetu wenyewe haziiungi mkono. Jamii zilizotutangulia zilijua kwamba majonzi ni marefu kuliko msiba, na ndiyo maana zilitenganisha mambo hayo mawili: matanga yana siku ya kuvunjwa, arobaini ina tarehe, na eda ya mjane Mwislamu ambaye si mjamzito ni miezi minne na siku kumi, kwa nassi ya Sura ya Al-Baqara. Aya inayofuata inakwenda mbali zaidi ya wanavyodhani wengi wetu: inamruhusu mwanamume kumdokezea mjane nia yake hata kabla eda haijaisha, ila inakataza kufunga mkataba mpaka muda ukamilike. Maana yake ni kwamba sheria ilitambua moyo wa mfiwa unaweza kusikia dokezo la posa huku bado unalia, na haikuhesabu hilo kuwa usaliti. Kwa Wakristo, Paulo katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho anamwacha mjane huru kuolewa na amtakaye, kwa sharti la imani tu. Hakuna mahali panaposemwa kwamba kulia kuishe ndipo kupenda kuanze. Kwa mgane, tusisahau, hakuna anayehesabu hata siku. Shangazi zake huanza kumtafutia mke wakati viti vya kukodi bado viko uani.

Ushahidi mkubwa zaidi dhidi ya hoja ya muda ni desturi ya kurithi wajane. Waluo huiita tero, na makabila mengi ya Tanzania yalikuwa nayo au bado yanayo kwa sura mbalimbali. Wazee wanaomwambia mjane kwamba ni mapema mno kupokea posa ya mtu wa kuja ndio hao hao wanaoweza kumweka, baada ya miezi michache, mikononi mwa shemeji yake. Kama kinacholindwa ni kumbukumbu ya marehemu, shemeji angeivunja sawasawa na mgeni, pengine zaidi, kwa kuwa yeye anaingia chumba kile kile. Tofauti yao ni moja tu. Kwa shemeji, shamba, nyumba, watoto na mahari iliyokwisha kulipwa havitoki nje ya ua. Mgeni anakuja na ua wake. Na hapa ndipo tofauti ya utamaduni inapofanya kazi isiyo yake: inakuwa lugha ya staha ya kusemea mali.

Msiondoke mkidhani naipuuza desturi hiyo. Mtetezi wake ana hoja nzito, na hujibiwa kijuujuu mno katika semina kama hizi. Katika jamii isiyo na pensheni wala bima, kurithiwa kulimhakikishia mjane chakula, paa na ulinzi, na watoto wakabaki na jina la baba yao na ardhi ya babu yao. Mwanamke aliyeondoka kwenda kwa mgeni aliacha vyote hivyo. Ni kweli. Lakini ulinzi ule ulikuwa bima yenye masharti: mume mpya alibeba wajibu wa ndugu yake pamoja na haki zake. Pale ambapo haki zimebaki na wajibu umeyeyuka, hoja ya ulinzi imekwisha miguu. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliiona Tanzania ina hatia katika shauri la wajane wawili walioondolewa katika nyumba za waume zao na wakwe, kwa kutumia kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963, zinazomnyima mjane fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Wajane hao hawakuwa wameleta mgeni yeyote. Ulinzi uliwakosa wakiwa bado ndani ya ua.

Sheria nyingine zimesema kinyume, na kwa muda mrefu. Kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kinampa mjane, licha ya mila yoyote iliyo kinyume, uhuru wa kukaa anapopenda, na wa kubaki bila kuolewa au kuolewa na mwanamume amchaguaye mwenyewe. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003 ina ibara nzima kuhusu wajane, ya 20, yenye haki ya kuolewa tena na mtu wa chaguo lao. Lakini tazameni jinsi sheria zinavyoweza kutoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine. Sheria ya Urithi ya Kenya ya mwaka 1972, kama ilivyoandikwa, ilimpa mwenzi aliyebaki haki ya kunufaika na mali ya marehemu maisha yake yote. Akiwa mwanamke, haki hiyo ilikoma siku anapoolewa na mtu yeyote. Mgane hakuwekewa sharti hilo. Kwa hiyo mjane aliambiwa yuko huru kupenda, na bei ya kupenda ikaandikwa pembeni. Mtu akishangaa kwa nini wajane wengi huishi na wachumba wao kwa siri, au huwakana mchana, asitafute sababu katika maadili kabla ya kusoma kifungu cha 35 cha sheria hiyo.

Kesi ya Wambui Otieno inatuonyesha dai la umiliki kutoka upande wa pili. Wambui, Mkikuyu wa ukoo wa Waiyaki, aliolewa na wakili Mluo, S. M. Otieno, aliyefariki Nairobi mwezi Desemba 1986. Mjane alitaka kumzika kwenye shamba lao karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochwari miezi mitano, mpaka Mahakama ya Rufani ilipoupa ukoo ushindi mwezi Mei 1987, na mjane hakuhudhuria mazishi. Kesi hii kwa kawaida husomwa kama pambano la mila na usasa. Mimi naisoma kama jibu la swali ambalo wanandoa wa mila mbili hawakuwa wamelifunga: mwanamke wa nje akifiwa, anabaki nani? Kwa ukoo alikuwa mke wa ukoo pale wajibu ulipotajwa, na mgeni pale uamuzi ulipotakiwa. Miaka kumi na sita baadaye, mwaka 2003, akiwa na miaka 67, aliolewa na kijana wa miaka 25, Peter Mbugua. Safari hii hapakuwa na mpaka wa kabila, na bado nchi nzima ilipiga kelele, jamaa zake mwenyewe wakiwemo. Hapo tunajifunza kwamba kabila ni kisingizio kimoja kati ya vingi. Likikosekana, umri utatosha, au kipato.

Pingamizi la dini halina budi kujibiwa peke yake, maana si la umiliki. Mwanamke wa Kiislamu haolewi na asiye Mwislamu, na mada ya kijamii haiwezi kulifuta hilo kwa kalamu. Ninachoomba ni kutochanganya dini na mila. Katika fikihi ya Kishafii, inayofuatwa pwani yetu, bikira aweza kuhesabiwa amekubali kwa ukimya wake, lakini mwanamke aliyekwisha kuolewa hutakiwa kutamka ridhaa. Mjane anaheshimiwa kama mtu anayejua anachokiingia. Upo pia mjadala wa kufu, unaompa walii nafasi ya kuuliza kuhusu nasaba, na nasaba imetumika sana kumkataa Mwislamu mwenzetu kwa kuwa ametoka bara. Lakini kufu ni haki inayoweza kuachwa na wenyewe, haiharamishi. Kwa upande wa makanisa, Kitabu cha Ruthu hutajwa mno kama kielelezo cha mjane mgeni aliyependwa. Wanaokitaja wakisome hadi sura ya nne: Boazi alikuwa jamaa wa marehemu, na ndugu aliyemtangulia kwa haki alikataa alipoona kwamba shamba linakuja pamoja na mwanamke, na kwamba urithi wake mwenyewe utaharibika. Mali imo humo humo. Kinachonivutia mimi ni mkwe, Naomi, aliyempeleka Ruthu mwenyewe.

Lipo pingamizi jingine ambalo wapinzani wangu wana haki ya kudai lijibiwe: mwanamke anayevuka mila anaweza kupoteza pande zote mbili. Historia ya Unguja inawapa ushahidi. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliondoka kisiwani mwaka 1866, akabatizwa Aden mwaka uliofuata na kuolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Mwaka 1870 mume alikufa kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ambayo lugha yake alikuwa bado anaisoma. Alirudi Unguja mwaka 1885, pamoja na manowari za Kijerumani, kudai fungu lake la urithi, na kaka yake, Sultani Barghash, akakataa hata kumpokea. Hakuolewa tena, aliishi ujane zaidi ya nusu karne, mpaka mwaka 1924. Sipunguzi uchungu wa habari hii. Lakini tuone kilichomwangusha: siyo kwamba alipenda mgeni, ila kwamba hakuna upande uliokuwa umekubali kuwajibika kwake mgeni yule akifa. Ndoa ya kuvuka mila haina shemeji wa kuziba pengo, kwa hiyo pengo lazima lizibwe mapema na kwa maandishi.

Na hapo ndipo naona faida ambayo mgeni huja nayo bila kukusudia. Shemeji anairithi nafasi ya marehemu, kwa hiyo marehemu lazima aondoke kitandani, mezani na katika mazungumzo. Mgeni hana haki ya kiti kile. Anaweka cha kwake kando. Graça Machel alibaki na jina la Machel baada ya kuolewa na Mandela, na wawili hao hawakuona mgongano. Mgeni pia haelewi kimya cha nyumba ile. Lazima aulize picha ya ukutani ni ya nani, hitma hufanyika lini, watoto watamwita nani, lugha gani itabaki ya nyumbani. Maswali hayo, ambayo ndani ya ukoo hujibiwa na desturi kabla mjane hajafungua mdomo, kwa mgeni lazima yajibiwe na mjane mwenyewe. Watoto wake hawapotezi ukoo wa baba kwa mama kuolewa. Wanaupoteza pale ukoo unapoweka sharti kwamba mama akiondoka, nao wasirudi. Hili liko mikononi mwa babu na baba wadogo kuliko lilivyo mikononi mwa mgeni.

Pendekezo langu kwa semina hii kwa hiyo ni dogo na la kazi. Anayemshauri mjane, awe shekhe, mchungaji, wakili au mtendaji wa kata, aanze na karatasi kabla ya nasaha: mirathi ya marehemu ifungwe na mafungu ya watoto yaandikwe kabla ya posa kujibiwa, nyumba iandikwe ni ya nani, na wosia wa kila mmoja useme atazikwa wapi. Washiriki wengine wataona swali la kaburi ni baya kuletwa kwenye uchumba. Ukoo wa Umira Kager ulilileta mahakamani, na Salme alilijibu kimyakimya. Amezikwa Ohlsdorf, Hamburg, katika kaburi la jamaa za mumewe, na pamoja naye kifuko cha mchanga wa Unguja alichokuwa amekihifadhi.