Faida za Kujiunga na Jumuiya Ndogo ya Kusoma Biblia Nyumbani



Nimeombwa niseme nanyi, wanajumuiya wa Ilemela, Mwanza, juu ya faida azipatazo Mkristo ajiungapo na jumuiya ndogo ikutanayo nyumbani kuyasoma Maandiko. Kwa kuwa wengi wenu mmekulia katika jumuiya hizi, sikusudii kuwasifia jambo mlijualo, bali kutetea hoja moja: kwamba faida zote tuzitajazo, za misaada, za mazishi na za ujirani mwema, huzaliwa na ile moja ya kulisoma Neno pamoja na watu wayajuao maisha yako; na usomaji ukipungua, hizo nyingine nazo hudhoofika, ijapokuwa daftari la michango lingali limejaa majina.

1. Asili yake

Kukutana nyumbani si jambo jipya. Mtume Paulo, katika Waraka kwa Warumi sura ya 16, alilisalimu kanisa lililokuwa nyumbani mwa Priska na Akila. Katika nchi zetu, uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda hata Bukoba, ulidumu kwa sababu ndugu walikutana vikundi vikundi, wakasoma na kuungama wao kwa wao. Upande wa Kanisa Katoliki, maaskofu wa Afrika Mashariki waliokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, walikata shauri kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe msingi wa maisha ya parokia. Hapa kwetu shauri hilo halikuwa geni, maana watu walikwisha kuzoea mpango wa chama cha TANU wa nyumba kumi kumi tangu miaka ya 1960, na Wasukuma walikuwa wakilimiana mashamba kwa zamu tangu enzi za mababu.

2. Faida ya kulifahamu Neno

Jumuiya nyingi hufuata njia ya hatua saba iliyotungwa Lumko, Afrika Kusini: humkaribisha Bwana, husoma, hurudia maneno yaliyowagusa, hunyamaza, hushirikishana, hupanga la kutenda, kisha husali. Katika kushirikishana ndipo elimu ya kila mmoja, hata asiyepata kukaa darasani, inapokuwa na thamani. Chukueni habari ya Simoni katika Luka sura ya 5. Mvuvi wa dagaa wa Igombe au Kayenze, ambaye hutoka na taa zake usiku wa giza kwa kuwa mwanga ndio uwavutao dagaa, hahitaji kuelezwa ugumu wa kuambiwa azishushe nyavu mchana baada ya usiku mzima wa kazi bure. Nami nilimsikia mama mmoja, mwanika dagaa, akiwaambia wenzake mkekani: “Nyavu walikwisha kuziosha. Kuzishusha tena ni kuziosha tena. Mimi ningekataa.” Wote walicheka, kisha wakanyamaza, kwa maana kila mmoja alitambua utii wa Simoni ulikuwa wa namna gani, na ufafanuzi wa jinsi hiyo sijapata kuusikia mimbarani.

3. Faida ya kujulikana na kutunzwa

Katika kanisa lenye waumini maelfu, mtu aweza kukosa ibada miezi mitatu asiulizwe na yeyote; katika jumuiya, akikosa mara mbili, yupo atakayebisha hodi. Jambo hili lina uzito wa pekee katika Ilemela, ambako wakazi wengi wa Kirumba, Pasiansi na Nyakato wamekuja kutafuta riziki kutoka Ukerewe, Geita, Mara, Kagera na kwingineko, na jamaa zao wa damu wako mbali. Msiba uwafikapo, jumuiya ndiyo ukoo wao. Walakini msaada huo haujileti wenyewe. Hutokana na ile hatua ya sita, ya kupanga la kutenda, ambapo huulizwa kwa majina nani atamsindikiza mgonjwa hospitali ya Sekou Toure, nani atamchotea maji mama aliyejifungua, na lini.

4. Faida ya malezi

Aghalabu ni katika sebule ya jirani ambapo kijana husoma kwa sauti mbele ya watu kwa mara ya kwanza, na mama mchuuzi wa soko la Mwaloni hujifunza kuongoza sala, kusuluhisha ugomvi na kutunza hesabu. Fauka ya hayo, watoto huwaona wazazi wao wakiuliza na kujibu juu ya imani, jambo ambalo katika ibada kubwa hawalioni.

5. Vikwazo

Haifai kuficha kasoro. Wako wajiungao kwa ajili ya barua tu, ile itakiwayo kwa ubatizo wa mtoto au ndoa, nao wakiisha kuipata hawaonekani tena. Zipo jumuiya ambamo michango mfululizo imeula muda wa Neno, hata maskini akaona haya kuhudhuria. Siri hutoka nje. Na wanaume, kila mahali, ni wachache.

6. Mapendekezo

Kwanza, Maandiko yatangulie, na michango isitajwe kabla ya sala ya mwisho. Pili, lisemwalo kwa kushirikishana lisitoke nje ya mlango. Tatu, katika mitaa ya wavuvi ratiba ifuate mwezi: wakati wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa hupumzika, basi mikutano mikubwa iwekwe siku hizo, tuone kama wanaume ni wavivu wa sala au walikuwa ziwani tu.

Nawe ambaye hujajiunga, usingoje shida ikulazimishe. Muulize jirani yako jumuiya yenu hukutana siku gani na kwa nani, uende ungali mzima, na Biblia yako mkononi.